Tiba mtandao inayotusaidia huku wilayani siyo ile mnayotangaziwa kwenye simu

Tabibu wa Pembezoni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na tangazo: ongea na daktari ndani ya dakika chache, popote ulipo. Kuna kijana kavaa koti jeupe, anatabasamu. Sina ugomvi naye. Ila hiyo "popote ulipo" inanichoma, maana mimi ndiye nipo huko popote. Ni afisa tabibu hospitali ya wilaya moja huku magharibi, na kabla ya hapo nilikuwa zahanati ambako ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu.

Niseme msimamo wangu mapema, wenye haraka wasome hapa waende zao. Tiba mtandao inayookoa watu huku ni ya mtaalamu kwa mtaalamu. Yaani mimi niliye na mgonjwa kitandani, nimemshika tumbo, nimempima, namuuliza bingwa aliye mbali. Ile ya mgonjwa peke yake na simu yake, kwenda kwa daktari asiyewahi kumwona, ina kazi zake, lakini ni chache kuliko mnavyoambiwa, na ikikosea tunaokuja kuilipa ni sisi huku chini.

Wala si jambo jipya. Wazee wanaikumbuka redio koli. Amref, lile shirika la madaktari wa ndege, ilianzishwa 1957 na madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wazo lenyewe lilizaliwa huko miteremko ya Kilimanjaro alikokuwa akiishi Wood. Miaka ya 60 wakawa na mtandao wa redio uliounganisha hospitali za misheni za porini na Nairobi. Muuguzi anabonyeza kitufe, anaeleza dalili, daktari anamjibu, ikibidi ndege inaruka. Hapakuwa na picha wala video. Lakini upande huu kulikuwa na mtu aliyesomea kazi, upande ule mtu aliyesomea zaidi, na nyuma yao kulikuwa na ndege. Ondoa ndege, au muondoe muuguzi, inabaki soga.

Sasa nije kwenye eneo ninalolijua vizuri, picha za eksirei. Hospitali nyingi za wilaya siku hizi zina mashine, tena za kidijitali. Mteknolojia wa kupiga picha tunaye. Tusiye naye ni wa kuisoma, daktari bingwa wa radiolojia. Hao wengi wao wako Dar, Mwanza, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mkono uliovunjika nausoma mwenyewe, sihitaji bingwa. Shida ni zile za katikati: kivuli kwenye pafu kinachoweza kuwa TB na kinaweza kuwa saratani, au shingo ya mtu aliyeanguka na bodaboda. Ukikosea hiyo shingo unampakia mtu kwenye gari, barabara ya vumbi, mfupa ukiwa umeachia.

Picha hizi zina mfumo wake wa faili, DICOM, unaobeba picha pamoja na jina la mgonjwa, umri na tarehe. Eksirei moja ya kifua ni megabaiti kumi, ishirini hivi. CT, ile mashine inayopiga mwili vipande vipande, ni mamia ya picha, inafika mamia ya megabaiti. Kwa mtandao wetu huwezi kuirusha papo kwa papo, na bahati nzuri si lazima. Unatuma, inajivuta taratibu, bingwa anasoma akipata nafasi, majibu yanarudi kwa maandishi. Ndiyo maana eksirei na magonjwa ya ngozi vilitangulia kwenye tiba mtandao karibu kila nchi. Ni fani ambazo jicho ndilo linafanya kazi, na hakuna haja ya watu wawili kuwa macho kwa wakati mmoja.

Hivyo ndivyo mpango unavyosema. Kwa vitendo, mfumo ukigoma (umeme umekatika, leseni ya programu imeisha, fundi yuko mkoani) tunafanya hivi. Filamu inabandikwa kwenye kioo cha dirisha upande wa jua. Mmoja anashika ncha mbili za chini isijikunje, mwingine anapiga kwa simu akiwa amejipinda ili kivuli chake kisiingie. Kidole gumba cha aliyeshika filamu kinapanda kufunika kona penye jina la mgonjwa. Kisha inarushwa kwenye grupu la WhatsApp la madaktari. Kabla chai haijapoa mtu anajibu: "Piga na ya ubavuni." Mwingine: "Usimwinue, mfunge shingo kwanza." Nimeona watu wakipona kwa njia hiyo. Nimeona pia gumba likisahaulika.

Nataka kusikia mliotumia hizi huduma, kama wagonjwa au kama watoa huduma. Wanaopinga pia karibuni.

Mzee wa Kona

Nimekaa paleee, nawasubiri wajuzi.

Kitindamimba wa Newala

Mkuu mleta uzi, heshima yako, lakini umeongea kama mtu wa wodini. Ngoja nikuletee ya nyumbani.

Mama yangu yupo Newala. Presha na kisukari, alianzia matibabu Dar. Kila tarehe ya kliniki ikifika ni basi kutwa nzima, nauli ya watu wawili kwa sababu hawezi kusafiri peke yake, kulala kwa ndugu ambao nao wana shida zao, foleni toka alfajiri. Akifika kwa daktari: "Mama unaendeleaje? Haya, dawa zile zile, tuonane baada ya miezi mitatu." Anatoka. Hajamaliza hata kukaa vizuri kwenye kiti.

Daktari wake mwenyewe ndiye alipendekeza amfuatilie kwa simu. Tukanunua mashine ya presha na kipima sukari. Mjukuu anaandika kwenye daftari asubuhi na jioni, Jumapili anapiga picha ukurasa wa wiki nzima anamrushia daktari. Namba zikipanda anabadili dozi, au anasema aende hospitali ya wilaya akapime figo, majibu nayo yapigwe picha. Dar anakwenda pale tu inapobidi. Sasa mkuu, hilo nalo ni soga?

Kinachoniumiza ni vijiti vya sukari. Mashine unanunua mara moja, vijiti ni kila siku ya Mungu, na bima yetu ilikataa kuvilipia.

Tabibu wa Pembezoni

Kitindamimba, hilo si soga hata kidogo, na ningelipigia debe mimi mwenyewe. Lakini angalia kilicholifanya likubali. Daktari alishamshika mama, faili analo, anajua moyo na figo zake zilikuwaje mwaka jana. Simu imekuja kuongezea huduma iliyokwishakuwepo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za kidijitali mwaka 2019 na lilikubali tiba ya mbali kwa sharti hilo hilo, iwe nyongeza ya kuonana ana kwa ana na isiwe badala yake.

Jambo moja kwa mjukuu: aandike na saa, na kama bibi alikuwa amekula. Sukari ya 9 kabla ya chai na sukari ya 9 baada ya wali ni habari mbili tofauti kabisa, na daktari akiona namba tupu anakisia. Presha nayo apime bibi akiwa ameshakaa na kutulia kama dakika tano, mkono uwe juu ya meza. Siyo ametoka kufukuza kuku.

Dada wa Dawa Muhimu

Natia neno kutoka upande wa kaunta.

Nina duka la dawa muhimu. Haya maduka kama mnakumbuka yalianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, lengo likiwa mtu wa kijijini apate dawa salama jirani kwa muuzaji aliyepewa mafunzo. Orodha ya dawa tunazoruhusiwa ipo, na kuna antibayotiki chache ndani yake. Sasa nieleze ninachokutana nacho.

Mtu anakuja na simu, ananionyesha picha ya skrini. Jina la dawa, dozi, chini kuna nembo nzuri ya rangi ya bluu. Hakuna jina la daktari, au lipo bila namba ya usajili. Namuuliza umepimwa? "Nimeongea na daktari." Umepimwa lakini? "Nimemwelezea." Kesho yake anakuja jirani yake na picha ile ile. Ile ile kabisa, hata asilimia ya betri kule juu haijabadilika. Karatasi ya cheti nikishauza naiandika, nagonga muhuri, imekwisha. Picha ya skrini haiishi, inazunguka mtaa mzima.

Na asilimia kubwa ni homa. Homa ya huku kwetu huwezi kuijua kwa kuisikiliza. Malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, mafua ya kawaida, vyote vinaanza na "mwili unauma, nasikia baridi". Kipimo cha haraka cha malaria ni tone moja la damu na robo saa. Daktari wa kwenye simu hana hilo tone, kwa hiyo ili asilaumiwe anaandika vyote viwili, dawa ya malaria na antibayotiki. Nikikataa kuuza naonekana mimi ndiye nina roho mbaya.

Mzee wa Kona

Betri haijabadilika 😂 Dada umeniua.

Ila ukweli mtupu huo.

Mpita Njia Kigali

Naishi Kigali miaka sasa, niwape habari ya hapa kwa sababu Tanzania na Kenya wengi mnaanza pale ambapo Rwanda walishapita.

Hapa palikuwa na Babyl, huduma ya daktari kwa simu, tawi la kampuni ya London iitwayo Babylon iliyoanzishwa na Ali Parsa mwaka 2013. Babyl ilianza Rwanda 2016. Kilichonivutia ni kwamba hawakudai simu janja. Unapiga *811# kwa kitochi chako, unajisajili kwa kitambulisho, unapigiwa. Kwanza muuguzi anakuhoji, anaamua kama suala linaishia kwake au linakwenda kwa daktari. Ukiandikiwa dawa au kipimo, unaletewa namba kwa ujumbe mfupi. Unakwenda nayo famasi au kituo cha afya, wanaiingiza, wanakuhudumia, namba inakufa. Dada wa Dawa Muhimu, umeona hapo? Namba inakufa. Hakuna cha jirani.

Na gharama ilibebwa na Mutuelle, bima ya afya ya jamii ambayo wananchi wengi wanayo. Mwaka 2020 serikali ikaingia mkataba nao wa miaka kumi. Waliojisajili walipita milioni mbili, kwenye nchi ya watu milioni 13 kwa sensa ya 2022. Dunia nzima ikawa inakuja kujifunza.

Kampuni mama ikaingia soko la hisa la New York mwishoni mwa 2021, thamani ikatajwa kwa mabilioni ya dola. Hisa zikaporomoka. 2023 ikafilisika, na Babyl Rwanda ikafunga milango mwaka huo huo. Mkataba wa miaka kumi haukufika hata nusu. Wala haikuwa kwa sababu wagonjwa wa Nyamagabe waliacha kupiga simu, pesa zilikuwa zimeisha London.

Kwa hiyo mimi naongeza swali ambalo mleta uzi hakuligusa. Wizara au hospitali ikitaka kusaini na kampuni ya namna hii, kabla ya kuuliza bei iulize: siku mkifunga, mafaili ya wagonjwa yanabaki kwa nani, na namba ya simu ni ya nani? Redio koli ya Amref ilidumu kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anasubiri faida yake ipande.

Kitindamimba wa Newala

Mpita Njia, na waliokuwa wanaitumia walirudi wapi?

Mpita Njia Kigali

Walirudi kwenye vituo vya afya vya tarafani na vile vidogo vya vijijini, ambavyo havikuwahi kufungwa. Hilo ndilo lililowaokoa. Kama Babyl ingekuja ikachukua nafasi ya vituo, 2023 ingekuwa msiba.

Nyumbani Kitui

Hamjambo majirani. Sisi huku Kenya mambo yamechukua njia mbili.

Njia ya kwanza ni sheria. Oktoba 2023 rais alitia saini sheria nne za afya kwa mpigo, moja ikiwa Sheria ya Afya Dijitali. Kabla ya hapo Sheria ya Afya ya 2017 ilikuwa imetambua huduma za afya za kielektroniki kwa ujumla tu. Sasa angalau kuna mahali pa kushika ukitaka kumshtaki mtu.

Njia ya pili ndiyo naona inalingana na maneno ya mleta uzi. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii, takriban 100,000, kila mmoja na mkoba wake na simu. Mkobani kuna mashine ya presha, kipima sukari, kipima joto, mizani. Anatembea boma kwa boma, akipima anaandika kwenye simu, na akiona mtu mwenye hali mbaya anamtuma hospitali ndogo ya karibu. Huyo ndiye mikono ya daktari aliye mbali. Shosho wa miaka themanini haingii kwenye video ya mtu asiyemjua, lakini mama wa kijijini anayemjua akimfunga mkono kile kitambaa cha presha anatulia.

Marupurupu yao ni shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti. Ukiwauliza wenyewe kama zinafika kwa wakati utapata uzi mwingine kabisa, na bando la kutuma hizo takwimu wakati mwingine linatoka mfukoni mwao. Mtu asiyelipwa hatembei. Hapo ndipo naona hizi habari za dijitali zinaanguka, wala si kwenye programu.

Binti wa Pwani

Jamani mmeongea wanaume watupu mpaka sasa (samahani Dada wa Dawa Muhimu), na hamjasema simu ni ya nani.

Kwenye nyumba nyingi za huku kwetu simu ni moja na ni ya baba. Nimefanya kazi ya kuhamasisha uzazi wa mpango. Unamsajili mama apate ukumbusho wa tarehe ya sindano, ujumbe unaingia mume akiwa kazini na simu yake. Umeshamletea mwenzio kesi. Tukajifunza kuuliza kwanza: simu ni yako? Mwingine anaisoma? Upigiwe saa ngapi? Wengine walisema wazi, nisajili kwa namba ya dada yangu, ujumbe usitaje sindano, uandike tu "kumbuka kikao".

Ile ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza 2012, ulikuwa unatuma neno "mtoto" kwenda 15001 unaletewa ujumbe bure kila wiki kulingana na umri wa mimba, ilifanya jambo moja la akili: hata mume aliweza kujisajili kama mume na akapata ujumbe wake. Angalau simu ikilia anakuwa naye ni mhusika.

Lakini kuna upande ambao mleta uzi ameupuuza. Kuna magonjwa ambayo mtu hawezi kukaa nayo kwenye benchi la zahanati ambako muuguzi ni jirani na mfagiaji ni shemeji. Magonjwa ya zinaa. Sonona. Msichana aliyebakwa. Kijana anayetaka kuacha unga. Huyu akipata sauti ya mtu wa mbali asiyemjua, anafunguka. Kwake umbali huo ndio dawa. Usiseme "kazi chache" kaka, kwa hawa ni mlango pekee.

Tabibu wa Pembezoni

Dada, nimekusoma. Kwenye sonona nakupa mia kwa mia, kwa sababu hapo chombo cha kazi ni maneno na maneno yanapita kwenye waya. Kwenye magonjwa ya zinaa nakupa nusu. Ushauri sawa, ila usaha wa sehemu za siri una sababu zaidi ya moja, na kaswende inataka damu. Aliyebakwa aongee na yeyote anayemwamini, lakini dawa za kuzuia VVU zina saa 72 tu, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Sauti ya mbali kazi yake ya kwanza hapo ni kumfikisha kituoni leo hii.

Wakili wa Mtaani

Mleta uzi umenitisha na hilo gumba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Taarifa za afya zimewekwa kundi la taarifa nyeti, na kuzitoa nje ya nchi kuna masharti yake. Picha ya filamu yenye jina kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili, wengine walishaacha kazi hospitali hiyo, mmoja amehamia Canada: kila aliyemo ana nakala kwenye simu yake, na wengine simu zao zinahifadhi picha zenyewe kwenye mtandao bila wao kujua. Mgonjwa hakuulizwa.

La pili ni wajibu. Bingwa kwenye grupu akisema "mruhusu aende nyumbani", mgonjwa akafa njiani, nani anaitwa na Baraza la Madaktari? Ushauri wake haumo kwenye faili. Jina lake halimo. Aliyesaini ni wewe afisa tabibu.

Ushauri wangu: ukipata jibu, liandike kwenye faili la mgonjwa kwa jina la aliyelitoa, tarehe na saa. Na mwambie kuwa umeliandika. Utaona jinsi majibu yatakavyokuwa na umakini ghafla.

Tabibu wa Pembezoni

Wakili, hilo la mwisho nalibeba. Tatizo ni kwamba siku ukimwambia bingwa "nimekuandika", kesho hajibu. Anafanya hivyo usiku, kwa hiari, bila senti. Bima inamlipa daktari aliyemwona mgonjwa, na wa mbali hayumo kwenye fomu. Mkoani tuliwahi kuletewa televisheni kubwa, kamera na spika za mikutano, kila kitu kimefungwa ukutani vizuri. Hakuna aliyepangiwa zamu ya kukaa upande wa pili. Sasa hivi ile televisheni inaonyesha mpira. Kamera ilinunuliwa, saa za bingwa hazikununuliwa, na ukiniuliza mimi fedha zingeanzia hapo.

Muuguzi Labour

Habari za kazi wote. Mnasahau simu inayofanya kazi kuliko zote, 115.

m-mama. Ilianza Sengerema na Shinyanga, Aprili 2022 Rais Samia akaizindua kitaifa. Mama mjamzito, aliyejifungua au kichanga akipata shida, zahanati au nyumbani wanapiga 115, bure. Kituo cha uratibu wanauliza maswali kwa orodha: anatoka damu? Kiasi gani? Anaona vizuri? Amepata degedege? Majibu ndiyo yanaamua aende kituo cha afya au moja kwa moja hospitali. Kisha wanatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali au bovu wanampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mwenye Noah au gari lolote, na akimfikisha mama analipwa kwa simu. Mama hatoi nauli.

Usiku mmoja nilipokea mama wa hivyo. Dereva aliingia naye wodini mwenyewe, kandambili mguu mmoja, anauliza "nimpe nani karatasi?" Kondo la nyuma lilikuwa limebaki. Wakati anapakiwa kule zahanati sisi tulishapigiwa, kwa hiyo damu ilikuwa tayari na daktari alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna mtu aliyemtibu kwa video. Simu ilileta gari na ikatuamsha sisi. Mleta uzi uliongelea ndege ya Amref, basi hii ndiyo ndege yetu, ina matairi manne na harufu ya dagaa.

Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum. Mchango mfupi kutoka ughaibuni. Sisi tulio nje ndio wateja wakubwa wa hizi programu kwa sababu ya wazee tuliowaacha nyumbani. Unalipa wewe huku, mama anaongea na daktari kule Unguja. Ni faraja, sitadanganya. Lakini wapo ndugu zetu wanaomtafuta daktari wa Kiswahili aliye Marekani au Uingereza wakidhani ndiyo bora. Leseni ya daktari ina mipaka. Kule Marekani kila jimbo lina leseni yake, daktari wa Texas hawezi kumtibu mtu wa Ohio kwa video bila ruhusa ya Ohio, sembuse mtu wa Makunduchi. Atakupa ushauri wa kindugu, dawa hawezi kukuandikia ikakubalika Unguja, na hajui dawa gani ipo huko na ipi haipo.

Mtafute aliyesajiliwa pale pale mgonjwa alipo. Muulize namba yake ya usajili wa Baraza kabla hujalipa. Mkweli haoni tabu kuitoa.

Baba Junia

Wakuu samahani kuingilia. Nimesoma uzi wote. Mtoto wangu wa mwaka na nusu ana homa tangu juzi, usiku ilipanda sana. Nina dawa ya malaria ya mseto imebaki ya kaka yake. Tabibu naomba unisaidie, nimpe kiasi gani?

Tabibu wa Pembezoni

Baba Junia, usimpe hiyo mseto. Mpeleke zahanati sasa hivi akatobolewe kidole, wana kipimo cha haraka. Kama si malaria utakuwa umepoteza siku nyingine, na dawa ya kaka yake imepimwa kwa uzito wa kaka yake.

Niambie haya wakati unamvalisha: ananyonya au kunywa? Anatapika kila anachokula? Amepata degedege? Amelegea au haamki vizuri ukimwita? Likiwepo hata moja, usianzie zahanati, nenda hospitali. Kama hana, mvue nguo nzito, mpe maji au maziwa njiani, na beba kadi yake ya kliniki wampime uzito.

Ukikwama piga 199, ni bure, ni kituo cha simu cha Wizara ya Afya.

Baba Junia

Anakunywa. Hajatapika. Tunatoka sasa, bodaboda ameshafika.

Dada wa Dawa Muhimu

Baba Junia, ukitoka na cheti hakikisha kina muhuri. Na uje nacho chenyewe, siyo picha.